Kibali cha Kondoo wa Mvua

Mwaka 1942, mwezi wa Novemba, mvua ilizuiwa Tunduma kwa kukosa kibali.

Habari hizo zilifika kijijini kwa kina Enesi siku ya Alhamisi, zikiwa zimechelewa siku tatu, na ziliwakuta watu wameshachoma.

Kwenye mteremko ule, kati ya Chitete na Msangano, ulezi haukupandwa kwa jembe. Wanaume walikwea miti wakakata matawi, wanawake wakayabeba na kuyarundika, jua likayakausha kwa miezi mitatu, kisha marundo yote yakachomwa kwa siku moja na mbegu zikamwagwa juu ya majivu. Majivu yale ndiyo yaliyokuwa shamba. Yakinyeshewa ndani ya siku chache, ulezi ulifika kiunoni. Yasiponyeshewa, upepo wa mwisho wa Novemba uliyachukua pamoja na mbegu, na hapakuwa na matawi mengine makavu ya kuchoma mpaka mwaka mwingine. Kwa hiyo hakuna jambo lililokuwa kubwa kuliko kuijua siku ya kuchoma, na siku hiyo, kwa kadiri mtu yeyote alivyokumbuka, iliamuliwa na kondoo.

Alikuwa kondoo dume mweusi, mkubwa kama ndama wa mwaka mmoja. Kila mwaka alitoka kwenye vilima vya nyuma ya Mwenzo, upande wa Rodesia ya Kaskazini, akavuka mpaka Tunduma, akateremka kupitia Chitete hadi Ziwa Rukwa. Mvua ilimfuata nyuma kwa umbali wa hatua mia mbili hivi. Hakuna aliyewahi kumwona akirudi. Watu walimwita Mgeni, na walimchukulia kama watu wa bomani wanavyomchukulia tarishi: hakuna anayemshangaa isipokuwa siku asipofika. Alipopita waliweka majembe chini wakageuza nyuso. Mwenye shamba la mwisho alimwekea chumvi juu ya jiwe. Na palikuwa na mwiko mmoja tu: mtu asimwite wake. Sababu ya mwiko huo ilikuwa imesahauliwa zamani, jambo ambalo liliufanya uheshimiwe zaidi.

Ishara ya kuchoma ilikuwa moshi. Ketrina, shangazi yake Enesi, aliyekuwa akiishi Tunduma hatua chache kutoka mpakani, alipomwona Mgeni anafika kwenye mti wa mwisho wa upande wa pili, aliwasha moto wa majani mabichi. Watu wa mlima uliofuata walipouona moshi wake waliwasha wa kwao, na hivyo hivyo, mlima kwa mlima, mpaka kijijini. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili bila kukosea. Mwaka huu pia aliwasha Mgeni alipofika kwenye mti wa mwisho. Hakungoja avuke. Kwa miaka ishirini na miwili kati ya mti ule na Tanganyika hapakuwa na kitu.

Sasa palikuwa na kamba, seng'enge, kibanda na mtu mwenye daftari. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa ukiua ng'ombe kaskazini na kusini, na serikali zote mbili zilikuwa zimeamua kwamba ng'ombe, mbuzi wala kondoo asivuke mpaka kabla ya kukaa karantini siku ishirini na moja. Mgeni alikuwa kondoo. Aliwekwa zizini.

"Siku ishirini na moja," alisema Osea, baba yake Enesi. Aliangalia majivu yake, marundo kumi na moja yaliyotandazwa vizuri. Upepo ulikuwa bado mdogo, ukiinua vumbi la kijivu kwenye kingo na kulirudisha chini, kama mtu anayejaribu uzito wa mzigo kabla hajaubeba.

Ijumaa wazee walifanya kikao. Kilianza asubuhi, kikaisha jua likiwa limeinama, na kilikubaliana juu ya jambo moja: kwamba aende mwingine.

"Aende Osea," alisema Andongwisye, Mndali aliyehamia pale zamani na ambaye shamba lake lilipakana na la Osea. "Dada yake ndiye aliyetuwashia moshi."

"Nikifika nitasema nini?" Osea aliuliza. "Nimekuja kumchukua kondoo. Wataniuliza, kondoo wa nani?"

Kwenda kumwombea Mgeni kulikuwa karibu sana na kusema ni wako, na kila mtu alitaka avunje mwiko mtu wa nyumba nyingine.

"Basi mtume binti yako," Andongwisye alisema. "Mtoto akivunja mwiko ni utoto tu."

"Ana miaka kumi na mitatu, si mtoto. Na anajua kusoma."

"Ndiyo maana nasema. Mpakani kuna karatasi. Wewe Osea karatasi unaishika kama mtu aliyeshika nyoka."

Watu walicheka, na kwa kuwa walikuwa wamecheka, jambo likahesabiwa limekwisha.

Ni kweli kwamba Enesi alijua kusoma. Alikuwa amesoma miaka mitatu kwenye shule ya misheni ya Mwenzo, akilala kwa shangazi yake na kuvuka mpaka kila asubuhi bila kujua kwamba anavuka kitu. Tangu mwalimu wa kijiji aende vitani, yeye ndiye aliyesimama kila Jumapili baada ya ibada na kusoma zamu za kulinda mashamba dhidi ya nguruwe mwitu na tumbili. Kijiji kilikuwa na kaya arobaini na nne. Alisoma majina arobaini na matatu, bila kuangalia karatasi, kwa kufuata njia kutoka juu ya mteremko hadi chini. Jina la arobaini na nne halikuhitaji kuitwa. Lilikuwa la baba yake, ambaye kila mara alikuwa amesimama kando ya msomaji.

Aliondoka Jumamosi alfajiri na ugali wa ulezi uliofungwa kwenye jani. Njia ilipanda. Kila alipopanda kilima na kugeuka aliona mteremko wa kwao ukiwa na mabaka ya kijivu, na kila mara mabaka yalionekana yamepauka kidogo kuliko mwanzo. Alijiambia kwamba huo ni umbali. Saa nane mchana upepo ulimpita ukitoka mashariki, ukiwa na harufu ya majivu ya watu wengine, na baada ya hapo hakugeuka tena. Alilala kwa jamaa wa mama yake na kuendelea alfajiri.

Jumapili karibu na adhuhuri aliiona Tunduma, au tuseme aliona wingu. Anga yote ilikuwa tupu, nyeupe kwa joto. Juu ya mpaka palisimama wingu moja jeusi, dogo, lenye kingo safi kama lililokatwa kwa mkasi, na chini yake mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu juu ya eneo lisilozidi uwanja wa kanisa.

Shangazi Ketrina alikuwa amekaa mlangoni kwake, mahali pakavu, akiiangalia.

"Siku ya saba leo," alisema baada ya kumkumbatia. "Ninachota maji pale kwenye ukingo. Sijaenda mtoni tangu Jumatatu."

"Shangazi, kule nyumbani wameshachoma."

"Najua wamechoma. Niliwasha mimi. Baba yako anasemaje?"

"Hasemi."

"Basi amekasirika." Ketrina alisukuma kijiti kwa mguu. "Miaka ishirini na miwili, mwanangu. Nani angejua wataweka kamba barabarani? Mimi nilikuwa naangalia kondoo, sikuwa naangalia kamba." Aliingia ndani akatoka na kibuyu kidogo chenye kizibo kilichopakwa nta. "Yule mwenye daftari hutoa karatasi. Akikupa, itie humu. Chini ya wingu lile karatasi haidumu hata dakika moja."

Mwenye daftari aliitwa Isaka. Alikuwa kijana wa Kinyiha kutoka karibu na Mbozi Mission, mwenye kaptula iliyopigwa pasi licha ya mazingira, na alimpokea Enesi chini ya kibanda ambacho paa lake lilivuja mahali sita. Chini ya kila tone palikuwa na chombo. Uyoga ulikuwa umeota kwenye mguu wa meza.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Una mnyama?"

"Nimekuja kwa ajili ya kondoo aliyeko zizini."

"Siku kumi na nne zimebaki." Isaka alihamisha sufuria kidogo kulia ili ikutane na tone. "Akimaliza, atachanjwa. Akichanjwa, atakwenda."

"Bwana Isaka, huyu ndiye kondoo wa mvua."

"Kondoo ni kondoo. Nimefundishwa wanyama mwaka mzima, na hapakuwa na somo la kondoo wa mvua."

"Na hii mvua?"

"Hali ya hewa ya kituo. Nimeiandika kwenye ripoti."

Enesi hakubishana. Alikuwa amegundua jambo alipokuwa akiingia. Mvua haikuishia kwenye ua wa zizi. Iliishia kwenye ukingo wa bustani ya maharage ya Isaka, ikazunguka choo chake, ikafunika kamba yake ya kuanikia nguo. Kisha lori la posta lilipiga honi barabarani, Isaka akatoka kwenda kushusha kamba, na mvua ikatoka naye. Ilimfuata mpaka barabarani, ikanyesha juu ya kofia yake wakati dereva akimwangalia, ikarudi naye. Kondoo, zizini, alikuwa amekaa pakavu kwa muda wote huo.

"Mvua haimfuati kondoo," Enesi alimwambia Isaka aliporudi. "Inakufuata wewe."

"Haiwezekani. Nimebatizwa Mbozi."

"Umemwandikaje kwenye daftari?"

Isaka alifungua daftari, akilikinga kwa mwili wake. Kila kitu kilikuwa kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko mzuri. Kondoo, dume, mweusi, mmoja. Na chini ya *Mwenye mnyama*, kwa kuwa nafasi hiyo hairuhusiwi kuachwa wazi: *Isaka, kwa muda.*

Wote wawili walitazama maandishi hayo. Halafu Isaka, ambaye kwa bahati alikuwa mtu wa kutaka ushahidi, akachukua raba na kufuta jina lake. Mvua ikakoma. Matone sita ya paa yakawa matatu, yakawa hakuna. Akaandika jina tena. Mvua ikaanza. Akafuta. Ikakoma. Alirudia mara tatu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na mara ya nne akaandika cheo cha mkubwa wake wa kazi, aliyekuwa mbali upande wa mashariki. Wingu liligeuka pale pale likaanza kuelekea mashariki, kwa mwendo wa mtu aliyeitwa ofisini. Isaka alifuta haraka mpaka karatasi ikatoboka.

"Hili sitaliandika kwenye ripoti," alisema.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya mwiko. Mvua ilikwenda kwa mwenye kondoo, na kondoo akiwa hana mwenye, ilimfuata yeye mwenyewe na kunyesha kila alikopita. Enesi aliona jinsi jambo lilivyokuwa rahisi, na jinsi lilivyoharibiwa na mstari mmoja katika daftari.

"Usiandike mtu," alisema. "Andika hana."

"Mnyama asiye na mwenyewe hupigwa risasi siku ya saba." Isaka alihesabu kwa vidole. "Ambayo ni leo, ukitaka kujua."

"Na mwenye mnyama akipatikana?"

"Kama ni mnyama wa upande huu aliyevuka kwa kupotea, mwenyewe akataja alama zake na alama zikakubaliana, anapewa kibali siku hiyo hiyo. Hakai karantini." Alifungua droo, akatoa fomu, akampa na kalamu. "Andika jina la baba yako, binti. Mchukue uondoke naye. Nikaushe blanketi."

Itakuwa si kweli kusema kwamba Enesi hakufikiria kufanya hivyo. Alifikiria kwa muda wote uliohitajika kuchonga kalamu, na kalamu ilikuwa butu sana. Aliona marundo kumi na moja yakinyeshewa, shamba moja jeusi kwa unyevu katikati ya mteremko mzima mkavu. Kisha akaona, kwa usahihi uleule, kaya zile nyingine zikija kuishi kwao mpaka mwaka unaofuata, Andongwisye akiwa wa kwanza, akitoa maoni juu ya chakula.

"Mstari huu," alisema, "umekatazwa kuwa na majina mengi?"

Isaka alitafuta kwenye kitabu cha kanuni. Alitafuta kwa muda mrefu. "Haukukatazwa," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyesikitishwa na kitabu. "Ila alama kwanza."

Enesi aliingia zizini. Kwa karibu Mgeni alinuka kama ardhi ya baada ya mvua ya kwanza, na alimwangalia kwa macho ya manjano yasiyokuwa na haraka. Hakuna mtu wa kijijini aliyewahi kumwona usoni, kwa hiyo hapakuwa na alama ambayo angeweza kuitaja. Alitia mkono katika manyoya. Ukazama mpaka kiwiko, kisha mpaka bega, na mwili wa kondoo haukufikiwa. Ndani palikuwa na baridi na upepo. Kitu kidogo cha mviringo, kigumu, kilimgonga vidole, na alipotoa mkono alikuwa ameshika punje ya barafu. Mbali sana, mahali fulani chini ya ubavu wa kushoto, palinguruma.

"Alama?" Isaka aliuliza kutoka nje ya ua, kalamu tayari.

"Ana radi ubavu wa kushoto."

Isaka aliingia, akainama, akaweka sikio. Alikaa hivyo kwa muda. "Zimekubaliana," alisema, akaandika.

Sababu za safari kwenye fomu zilikuwa tatu: kuuza, kuchinja, kuzalisha. Waliweka alama kwenye kuzalisha. Kisha Enesi akakaa mezani, akafumba macho, akaanza kushuka mteremko kichwani mwake kama alivyofanya kila Jumapili, nyumba kwa nyumba, kutoka juu hadi chini, akiandika kwa herufi ndogo kadiri alivyoweza. Mstari uliisha kwenye jina la tatu. Aliendelea pembeni, akazunguka ukingo wa karatasi, akageuza nyuma. Alipomaliza mkono ulikuwa ukimuuma, na hakukuwa na nafasi hata ya nukta.

Isaka alihesabu. "Arobaini na watatu," alisema, akatia sahihi na muhuri. "Mnyama asindikizwe na mwakilishi wa wenyewe mpaka mwisho wa safari. Ni kanuni. Karatasi ikilowa, kibali hakipo."

Nje wingu lilikuwa limepanuka mpaka kingo zake hazionekani. Enesi alilala kwa shangazi, na Jumatatu alfajiri, kibuyu kikiwa shingoni, aliondoka na Mgeni.

Mtu hawezi kugeuza uso mbali na mnyama anayemsindikiza, kwa hiyo desturi hiyo iliachwa. Nyingine haikuwapo, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika karibu kiasi cha kuihitaji. Mgeni alitembea kwa kasi ya mtu aliyecheleweshwa, na Enesi alikimbia mbele yake, na nyuma yao nchi yote ilikuwa ikigeuka maji. Huko nyuma alisikia miti ikipigwa na mvua, kisha mawe yakivingirishwa. Safari ya siku moja na nusu waliitembea kwa saa nane.

Kwenye korongo la chini ya Chitete maji yaliwawahi. Yalishuka kutoka juu kwa pamoja, ya rangi ya udongo, yakiwa na magogo, Enesi akiwa katikati. Yalimpiga miguu, akaanguka, uzi wa kibuyu ukakatika. Alishika kitu cha kwanza alichokigusa, nacho kilikuwa pembe. Mgeni alisimama. Maji yaligawanyika kwenye kifua chake yakapita kushoto na kulia, kama umati unavyompisha mtu asiyependa kusukumwa. Kibuyu kilikuwa kikielea kuelekea Rukwa bila wasiwasi wowote. Enesi alikimbia nacho ukingoni kwa mwendo wa nusu maili, akachunika goti, akakipata kimenaswa kwenye mizizi. Alitikisa. Karatasi ilicheza ndani, kavu.

Alasiri walifika juu ya mteremko. Watu walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye majivu yake, na baadhi walikuwa wameyafunika kwa matawi mabichi na nguo zao za kanisani. Walipomwona Mgeni waligeuza nyuso, kisha walipoona Enesi yuko mbele yake baadhi waligeuka tena kutazama. Mvua ikafika.

Ilinyesha juu ya shamba la kwanza, na la pili, na la tatu, kwa kufuata njia, nyumba kwa nyumba, kutoka juu hadi chini. Ilinyesha taratibu, kama mtu anayesoma orodha. Ilinyesha kwa Andongwisye, ambaye alikaa chini juu ya majivu yake yaliyolowa akafunika uso. Mahali shamba lake lilipopakana na la Osea, ikaacha. Upande mmoja wa mpaka majani yaliinama kwa maji. Upande wa pili palikuwa na vumbi, marundo kumi na moja yaliyotandazwa vizuri, na Osea, mkavu, akiwa amemwekea Mgeni chumvi juu ya jiwe.

Mgeni alilamba chumvi, akaendelea kuelekea Msangano. Alichofanya huko si sehemu ya kibali hiki.

Enesi alisimama. Alianza kushuka mteremko kichwani, haraka, akatafuta, na alipofika chini alijiona mwenyewe amesimama mbele ya kanisa na karatasi mkononi, na baba yake kando.

"Nipe nione," Osea alisema.

Alitoa karatasi kwenye kibuyu. Osea aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama mbele na nyuma. Hakujua kusoma, lakini jina lake alilijua umbo.

"Sipo," alisema.

"Hupo, baba."

"Umeandika vizuri lakini. Herufi zote zinalingana." Alimrudishia. "Nenda kamwambie mama yako umefika. Amekuwa akipika tangu asubuhi kama mtu mwenye shamba."

Upepo ulikuja siku iliyofuata. Uliinua majivu ya Osea yote, marundo kumi na moja, pamoja na mbegu, ukayabeba hatua thelathini na kuyaweka kwenye udongo mlowevu wa Andongwisye, ambaye mwaka huo alipata ulezi ambao watu wa Mbozi walikuja kuutazama.

Mwezi wa Mei palikuwa na kikao kingine. Kilikuwa kifupi kuliko kile cha kwanza, kwa sababu safari hii palikuwa na karatasi. Enesi aliisoma kwa sauti. Kwa mujibu wake, kaya arobaini na tatu zilikuwa wenyewe wa kondoo mmoja, na kaya moja ilikuwa imemchunga kutoka Tunduma. Jinsi mchungaji anavyotunzwa ni jambo linalojulikana, na hakuna aliyethubutu kusema halijui: kila mwenye mnyama hutoa kikapu. Vikapu arobaini na vitatu vililetwa kwa Osea. Ghala lake halikutosha, akajenga la pili. Andongwisye alileta chake mwisho, akakiweka chini pole pole.

"Ulezi huu ni wako tangu mwanzo," alisema. "Nimeukuza tu."

"Asante kwa kuukuza," alisema Osea.

Novemba iliyofuata kamba ilikuwa bado ipo mpakani, na Isaka alituma ujumbe kwa lori la posta kwamba kibali cha mwaka jana hakifai kwa mwaka huu. Ketrina naye alituma wake, kwamba safari hii hatawasha moshi mpaka Enesi afike na karatasi itiwe muhuri. Enesi alijiandaa kuondoka. Usiku wa kuamkia safari, na asubuhi yake, na njiani mpaka nyumba ya mwisho, watu saba, Andongwisye akiwa wa kwanza, walimvuta kando mmoja mmoja na kumwomba, kwa sauti ya chini na kwa heshima ambayo hawakuwahi kumwonyesha, asahau kuandika majina yao kama alivyolisahau la baba yake.

Alipofika mpakani aliandika yote arobaini na manne. La baba yake aliliweka la kwanza, na Andongwisye hakumsalimia mpaka mavuno.